Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: mapipa matatu, gari moja

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Jumamosi asubuhi gari la mkandarasi liliegesha kwenye kizimba cha taka cha soko. Pipa la kijani lilikuwa limejaa maganda ya ndizi, kabichi zilizooza na makapi ya miwa. La bluu lilikuwa na makopo ya maji na maboksi. Jeusi, takataka nyingine zote. Vijana wa gari waliyamimina yote matatu humohumo, mbele ya kina mama wa mbogamboga wanaotenganisha tangu mapipa yaletwe. Jumapili pipa la kijani lilikuwa na nepi na chupa za bia. Nani atawalaumu?

Siku ya makabidhiano ya mapipa ofisi yako iliahidi, wafanyabiashara wakisikia, kwamba kila rangi itakuwa na gari lake au siku yake. Mapipa yalikuja. Gari tunalingoja mpaka leo.

Sisi ni watu wa mboji, mbolea ya taka zilizooza. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo gari linalopeleka tani ya kabichi dampo la Pugu linachoma dizeli kusafirisha maji. Zikishafukiwa huko bila hewa, hutoa methani, gesi inayolisha mioto ya dampo.

Taka hiyohiyo ikibaki safi, kazi yake inajulikana. Katakata kwa panga, kisha kila ndoo moja ya mbichi ichanganywe na ndoo mbili za kavu: majani, mabua ya mahindi, maranda kidogo. Biwi, yaani rundo la mchanganyiko huo, liwe na upana na kimo cha mita moja na nusu, maana likipungua mita moja halishiki joto. Ukibinya konzi moja yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, ongeza kavu. Halafu chomeka mti mrefu hadi katikati. Siku ya nne uchomoe, uushike. Ukiunguza kiganja, ndani kuna nyuzi 55 hadi 65, na mbegu za magugu zinakufa. Ukitoka wa baridi, unanuka mayai viza, hewa imekosekana: geuza kwa koleo. Biwi linalogeuzwa kila wiki hukomaa kwa miezi mitatu hivi.

Kinachoharibu yote ni kigae cha chupa. Chekeche ya milimita 10 inazuia kizibo, lakini kipande chembamba cha kioo hupita kwa ubavu, na mkulima huchanganya mboji kwa mikono mitupu. Betri iliyopasuka ndiyo haichekechwi kabisa. Upande wa pipa la bluu ni vilevile: boksi lililolowa halina mnunuzi, na kopo lenye tope na maji ya ndizi hukatwa uzito kwenye mizani. Kizibo na chupa ya maji hutenganishwa kwa beseni tu, chupa ikizama na kizibo kikielea. Vigae vilivyokwisha kuingia kwenye mboji havina beseni.

Tunahisi tatizo liko kwenye mkataba. Kama mkandarasi analipwa kwa tani au kwa safari za dampo, kila kilo inayobaki sokoni ni hasara kwake. Kama tumekosea, mkataba ubandikwe kwenye ubao wa matangazo tuusome.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia na kupunguza taka ngumu. Hatuombi mapipa mapya wala semina nyingine. Tunaomba Jumatatu na Alhamisi pipa la kijani libebwe peke yake hadi kwenye kiwanja kilichotengwa siku ile ya makabidhiano. Makoleo yapo, maturubai yapo, watu wa kugeuza wapo. Gari likikosekana, guta mbili zinatosha. Jumatatu na Alhamisi, Ndugu Mkurugenzi, guta mbili, na la kijani lisimwagwe pamoja na jeusi.

Tunaomba utaratibu huu uanze kabla ya vuli. Mvua ikinyesha wakati taka bado zimelundikwa kizimbani, maji yake yote yataingia mtaroni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watengeneza mboji wa sokoni