Leseni za databesi: kati ya bure na maelfu ya dola hakuna kitu

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu leseni za databesi, yaani programu za kuhifadhi data ya app, maana hili jambo linawaumiza sana madevelopa wanaoanza na halisemwi. Kila siku vijana wanaambiwa pakua tu, siku hizi ni bure. Kweli kabisa, kujifunza ni bure. Microsoft toka 2016 wanatoa SQL Server Developer, toleo la databesi yao, bila malipo, ina kila kitu kilichomo kwenye Enterprise, toleo lao kubwa la kulipia, ila ni ya kutengenezea na kutesti tu, huruhusiwi kuhudumia wateja nayo. Oracle, wauzaji wengine wa databesi, toleo lao la bure unaweza hata kulifanyia kazi halisi, lakini mwisho wake ni GB 12 za data na GB 2 za RAM. Nawashukuru kwa hilo, kwa mwanafunzi linatosha.

Sasa app ikipata watu, data ikajaa, na wewe unatumia seva yako mwenyewe, ngazi inayofuata kwa Oracle ni Standard Edition 2, na bei ya kwenye orodha yao ni dola 17,500 kwa kila soketi, yaani kila tundu la chipu ya prosesa kwenye seva. Enterprise yao, toleo kubwa kabisa, ndo dola 47,500 kwa prosesa, na sapoti asilimia 22 kila mwaka juu yake. Halafu prosesa kwao ni hesabu ya kori, yaani vitengo vya kuchakata vilivyomo ndani ya chipu, za Intel zinazidishwa kwa 0.5, kwa hiyo seva ya kori 16 inahesabiwa prosesa 8, yaani dola 380,000 na sapoti bado hujagusa! Makampuni makubwa yanakaa mezani yanapunguziwa, kijana mwenye app moja atakaa na nani?

Najua kuna watakaosema si ahamie databesi ya PostgreSQL, ni bure mwanzo mwisho. Nakubali, na anayeanza leo namwambia aanzie huko huko. Ila aliyeshaandika prosija zake zote, yaani programu zinazokaa ndani ya databesi, kwa PL/SQL, lugha ya Oracle, hahamishi data tu, anaandika upya nusu ya mfumo na kutesti kila kitu tena huku wateja wanasubiri, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Ombi langu kwao ni waweke ngazi ya katikati, mtu alipe kidogo kwa ukubwa wa data yake au mapato yake, na hiyo bei ya mbele waiandike pale pale kwenye kitufe cha kupakua bure, mtu aione kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu.

Developa wa mifumo