Mwanaidi, kabla hujatema mate kwenye kichupa

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwako na watoto huko Houston, na pole sana kwa Mama. Mzazi kuuliza jambo lile lile kila dakika ni mzigo, na kuwa mbali na Tanga kunauzidisha. Umeniuliza kama wewe na ndugu zako mnunue kile kipimo cha jeni cha mate kinachotumwa kwa posta. Ningesema msikinunue sasa.

La kuangalia kwanza ni umri ambao kusahau kulianza. Ipo Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau) ya kurithi moja kwa moja, inayotokana na hitilafu katika moja ya jeni tatu: APP, PSEN1 au PSEN2. Mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na ugonjwa kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65, wengine wakiwa na 40 na kitu tu. Wagonjwa wa aina hii hawafiki mmoja katika kila mia ya wenye Alzheimer. Mama ameanza akiwa na miaka 78, na unasema Bibi aliaga dunia mzee sana, akili zake timamu. Hiyo si sura ya ugonjwa huu wa ukoo.

Tena hivyo vipimo vya mate kwa kawaida havisomi jeni hizo tatu. Vinasoma jeni nyingine, APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Ina sura tatu, e2, e3 na e4, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wengi wetu tuna e3. E2 hupunguza hatari, e4 huiongeza, kwa sababu protini yake haisaidii vizuri kuondoa amiloidi, ile takataka inayorundikana kwenye ubongo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2011 kwa watu wa asili ya Ulaya yalikuwa hivi: kufikia miaka 85, wanawake 14 katika 100 kwa ujumla hupata Alzheimer, ila wenye e4 moja ni 30, wenye mbili ni 60. Yaani hata mwenye e4 mbili anaweza kufika huko na akili zake.

Lakini soma vizuri: watu wa asili ya Ulaya. Watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, Marekani, kwa kutumia vipimo vilevile. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa kila mwaka Alzheimer iliwapata asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan na asilimia 2.52 wa Indianapolis. Huko Ibadan e4 ni nyingi, ila nakala moja haikuonekana kuongeza hatari. Baadaye ndipo hatari ilipoonekana, kwa wenye nakala mbili. Utafiti mwingine umeonyesha kwamba kipande cha kromosomu kinachoizunguka APOE, kikiwa cha asili ya Kiafrika, hupunguza makali ya e4. Kwa hiyo karatasi itakayokuambia hatari yako ni mara tatu inaweza kukunyima usingizi kwa hesabu isiyo yako.

Kuna na la sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inamkataza mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa jeni zako. Haigusi bima ya maisha, ya ulemavu, wala ya kutunzwa uzeeni. Ukishajua jibu, huwezi kulirudisha kichupani.

Fedha hiyo ipeleke kwa Mama kwanza. Apimwe vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, sukari, chumvi za damu, kaswende na VVU. Kama alianguka miezi ya karibuni, apigwe picha ya CT ya kichwa, maana damu iliyovilia juu ya ubongo huleta kusahau na inaweza kuondolewa. Dawa zake zote zimwagwe mezani mbele ya daktari: Piriton ya kila usiku au amitriptilini ya ganzi za miguu huvuruga kumbukumbu za wazee vibaya sana. Huzuni nayo iulizwe, hasa baada ya kufiwa na Baba.

Kwa kuwa Mama hakukaa darasani, msikubali apimwe akili kwa kuandika na kutoa hesabu. Atafeli hata akiwa mzima. Mtajie daktari kipimo cha IDEA, kilichoandaliwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Mzee hukumbuka maneno na kupanga njiti za kiberiti, kalamu haihitajiki.

Na nyinyi watoto, pimeni presha, sukari na lehemu, na kaka yako anayeongeza sauti ya televisheni apimwe masikio. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia (kupungua kwa kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwemo) duniani inatokana na mambo ya namna hii, yanayoweza kurekebishwa.

APOE ningeipima pale tu daktari anapotaka kumpa mgonjwa sindano za kuondoa amiloidi, kama lekanemabu, kwa sababu wenye e4 mbili huvimba na kuvuja damu kwenye ubongo zaidi ya wengine.

Niandikie majina ya wajomba, mama wadogo na babu wa pande zote mbili, na mbele ya kila jina umri ambao kusahau kulianza, si umri wa kufa. Akitokea hata mmoja aliyeanza kabla ya 60, au aliyebadilika tabia kabla ya kusahau, nitakushauri umwone mshauri wa jeni hospitalini, tena haraka.

Rafiki yako,
Rehema