Kidonge cha mseto si unga uliochanganywa tu

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alituletea kwenye duka letu la dawa kidonge cha maumivu chenye paracetamol na kafeini. Sehemu ya juu ilikuwa imebanduka kama kifuniko. "Mwanangu, hii si feki?"

Kwa macho tu hatuwezi kusema. Ila kubanduka huko kuna sababu nyingine. Fuwele za kawaida za paracetamol, yaani chembe zake mfano wa zile za chumvi, ni ngumu, hazitelezi zikishindiliwa. Mashine ikiachia, unga unataka kurudi ulivyokuwa, kidonge kinakatika. Viwanda huongeza viambata vya kuushikanisha, na kidonge kinazidi kuwa kikubwa.

Dawa zikiwa mbili, kazi inaongezeka. Wewe unayepeta mchele unajua: ukitikisa ungo, chenga zinajitenga. Poda za ukubwa tofauti hufanya vivyo hivyo kiwandani, na zisipodhibitiwa kidonge kimoja hupata dawa nyingi, kingine kidogo.

Hapo ndipo kokristali inapotupa matumaini makubwa. Molekuli za vitu viwili hukaa ndani ya fuwele moja, kwa uwiano usiobadilika. Tikisa utakavyo, hazitengani. Paracetamol ikiunganishwa hivyo na theofilini, dawa ya pumu, hushindilika vizuri kuliko ikiwa peke yake. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kidonge cha maumivu chenye kokristali ya dawa mbili za maumivu, selekoksibu 56 mg na tramadoli 44 mg. Namba hizo zinaonekana za ajabu, lakini zinafuata uzito wa molekuli, moja ya selekoksibu kwa moja ya tramadoli: fuwele yenyewe ndiyo iliyopanga dozi.

Na hapo hapo pana kikwazo. Mgonjwa akihitaji uwiano mwingine, fuwele haimsikilizi. Dawa mseto ya malaria tunayoijua wote, artemetha 20 mg kwa lumefantrini 120 mg, bado hutengenezwa kwa kuchanganya poda, na ubora wake unategemea umakini wa kiwanda.

Kwa hiyo ukikuta kidonge kimebanduka au kinamomonyoka, usikimeze wala usikitupe. Kilete na pakiti yake yenye namba ya toleo. Tutakubadilishia kama ulinunua kwetu, na popote uliponunua tutakusaidia kutoa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Na tafadhali, usivihamishie vidonge kwenye kikopo. Unyevu wa huku ziwani unavimaliza haraka. Yule mama alikuwa anavifunga kwenye pindo la kanga.