Vijiduara vya Bibi

Likoni, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie huko Doha, zangu na za mama, na za Bibi, ambaye kila nikishika simu auliza kama ni wewe. Sisi wazima, joto tu ndilo latutoa roho. Kaskazi imekata, kusi bado, hata baharini hakuna pa kupungia upepo.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. "Kwani huko chuoni mwasomea nini hasa, kucheza?" Ukacheka, na mwenzako nyuma naye akacheka. Sikukasirika, wallahi. Baba aliniuliza swali hilohilo mwaka juzi, tena yeye hakucheka. Nilitaka kukujibu hapohapo, lakini bando ilikuwa yaishia na mambo yenyewe yataka kukaa kitako. Basi kaa kitako nikueleze masomo yetu ya maigizo na densi.

Jumatatu asubuhi ni sauti. Twalala chali sakafuni, mkono juu ya tumbo, twavuta pumzi mpaka tumbo liinuke na mabega yasitikisike, kisha twaitoa kwa "sss" moja ndefu huku mwalimu ahesabu. Siku ya kwanza nilifika kumi na mbili nikakohoa. Kuna kijana mmoja wa Kisauni, babu yake mpiga zumari, alifika hamsini na bado yuatuangalia kama kwamba sisi ndio wagonjwa. Wawajua wapiga zumari: pua yavuta, mashavu yasukuma, wimbo haukatiki hata mtu ajisahau. Mwalimu alicheka akamwambia, njoo ufundishe wewe basi. Jumanne twapigana. Usishtuke, ni mapigano ya jukwaani, na mwenzetu wa Lamu ametuletea kirumbizi na bakora zake. Wiki ya pili nilipigwa kidole, kucha ikageuka rangi ya zambarau. Lakini nimejifunza kwamba anayepiga hutazama macho ya mwenzake, fimbo haitazami.

Kuigiza ndiko kulikonipeleka puta. Wakati ule wa tamasha za drama shuleni, wewe na mimi, tulikuwa twapaza sauti na kurusha mikono, majaji wakipiga makofi twajiona tumemaliza. Huku kuna Mrusi, Konstantin Stanislavski, 1863 hadi 1938, ambaye swali lake ni dogo tu: kama haya yangenikuta mimi, ningefanya nini? Nikapewa mwanamke anayengoja habari za mumewe baharini. Kiti kimoja, hakuna maneno, dakika tatu. Nikamkumbuka ami yangu, na machozi yakaja ya kweli, si ya kujikamua. Wenzangu kimya. Nikajua leo nimewapata. Mwalimu akaniambia, "Umelia vizuri. Kungoja ndiko hujangoja."

Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Nilivuka feri siku ile nikiwa na hasira, nimesimama katikati ya watu sikushika kitu. Wajua feri inavyokatika ikikaribia kugusa ng'ambo. Wageni wote huyumba. Sisi wa Likoni magoti hulegea yenyewe. Nilikuja kulikumbuka hilo baadaye.

Sasa densi, maana hiyo ndiyo uliyoniulizia. Kwanza sakafu. Densi yataka sakafu ya mbao, tena mbao zilizoinuliwa chini kuwe na nafasi, zikubali mguu ukitua. Sisi tuna saruji. Miundi yatuuma, wengine wafunga bandeji kama wachezaji mpira. Kuna ukumbi tulioahidiwa tangu nilipoingia, na ahadi bado ni changa. Pili, hesabu. Mwalimu wetu wa densi ni mtu wa bara, hodari kweli, mwili wake waandika hewani, lakini yeye kila kitu ahesabu nane. Tano, sita, saba, nane! Akasema leo chakacha, nionyesheni. Nikaanza, akaanza nane zake, tukagongana kama matatu mbili Mwembe Tayari. Chakacha yaenda tatu tatu, Mwanaisha, wewe wajua bila kuambiwa: zile ngoma tatu, msondo, vumi na chapuo, zaitana kwa sita, na kiuno chakaa baina yake. Ukiipigia nane yawa mazoezi ya viungo. Nikamwambia. Kwa heshima, lakini nikamwambia. Akanyamaza, akavua saa yake, akasema, "Haya, nihesabie wewe." Tangu hapo nampenda mtu yule.

(Najua utakaloniuliza: chakacha, ngoma ya wanawake, mbele ya wavulana? Darasani twacheza na leso kiunoni juu ya suruali pana. Jukwaani bado sijaamua. Nilishawahi kwenda na kikundi kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, jina naliacha, watalii wanakula huku sisi twakatika kando ya bwawa, na malipo yakaja nusu baada ya miezi miwili. Si malipo yaliyoniuma. Ni kwamba mtu mmoja alinipigia vidole niondoke, nilikuwa nimemzibia televisheni.)

Muhula huu sasa ndio umenipa kazi ya kukuandikia barua. Tumeanza kuandika ngoma. Si kuieleza kwa maneno, la, kuiandika kwa alama kama nota za muziki. Aliyeubuni mfumo huo ni Rudolf Laban, aliyezaliwa Bratislava mwaka 1879, akauchapisha mwaka 1928. Karatasi yasomwa kutoka chini kwenda juu, kama mtu apandaye ngazi. Katikati kuna mstari, kulia kwake ni upande wako wa kulia na kushoto ni kushoto. Safu zilizo karibu na mstari ni za uzito, yaani umesimama juu ya nini. Kisha mguu unaochezea hewani, kisha kiwiliwili, kisha mikono. Umbo la alama lasema waelekea wapi, rangi yake yasema juu au chini, na urefu wake ni muda. Alama ndefu, mwendo wa polepole. Alama fupi, chap!

Niliupenda siku hiyohiyo. Halafu nikatafuta safu ya kiuno. Hakuna. Kiuno chatiwa alama yake maalumu katika safu isiyo yake, kama mpangaji wa sebuleni. Nikacheka peke yangu. Bwana Laban hakualikwa harusi ya Mji wa Kale.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mtu aandike dakika moja ya ngoma ya kwao. Wenzetu wa Kwale wakakimbilia sengenya, na kweli yaandikika, miguu ina kazi. Wa Kilifi akachukua mwanzele. Mimi nikasema nitaandika lelemama, ngoma ya wanawake, maana Bibi yuko nyumbani, na nikadhani itakuwa rahisi kwa sababu haina mbio.

Bibi hakutaka. Siku tatu ananizungusha, ati goti, ati swala, ati hana sare. Siku ya nne baada ya alasiri nikamkuta amejifunga leso mpya, ameketi kitandani yuaningoja. Akaniambia nikae, na kwanza akanipa habari. Mamake alikuwa wa kikundi cha lelemama cha Banu Saada, na mahasimu wao walikuwa kikundi cha Ibinaal Watan, na mji mzima ulijua nani wa wapi. Hawa wakichinja ng'ombe, wale wachinja wawili. Hawa wakitoka na sare ya hariri, wale watafuta dhahabu. Asema mamake aliuza bangili mbili kwa ajili ya karamu moja na hakuzijutia, ila babake ndiye aliyezijutia mpaka anakufa. Vyeo walikuwa navyo, nyimbo za mafumbo za kupigana vijembe walikuwa nazo. Bibi alizijua zote akiwa hajafika miaka kumi. Mimi nimesoma muhula mzima habari za vikundi vya maigizo vya Ulaya, na hiki kilikuwa chumba cha pili.

Kisha akasimama.

Sijui nikuelezeje. Alisimama kando ya kabati, magoti ameyalegeza kidogo tu, kama mtu wa feri. Mikono ikaja mbele, viwiko vimeshikana na mbavu. Viganja vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, polepole kama mtu aangaliaye kama chapati imeiva bila ya kuigusa. Kichwa kikainama upande wa kulia. Kikakaa. Yuaimba kwa sauti ndogo, maneno sikuyapata yote. Miguu haikuondoka hata inchi moja. Nami nilikuwa na simu mkononi ya kumrekodi, na nilisahau kuibonyeza, Mwanaisha. Chumba kile chenye cherehani na magunia ya mkaa kilijaa. Mama alisimama mlangoni na sufuria.

Nilimwomba arudie nirekodi, akakataa. "Umeshaona."

Basi nikakaa mezani usiku na kalamu ya risasi. Nikaandika viganja, nikaandika kichwa. Safu za uzito nikaziacha tupu, maana hakwenda popote. Asubuhi kwenye feri nikaifungua karatasi tena, na pale ndipo nilipopigwa na butwaa: katika mfumo ule, safu za uzito zikiwa tupu maana yake hakuna mguu uliokanyaga chini. Mtu ameruka. Nilikuwa nimemuandika Bibi yangu, mwenye miaka sabini na tano na goti bovu, amepaa hewani dakika nzima!

Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanisogelea kuniuliza kama ni mzima.

Kusimama kuna alama yake. Ni kiduara kidogo, kama yai la kuku wa mwanasesere, na maana yake ni: shika hapohapo. Kutulia kwaandikwa. Usipokuandika hakupo. Nikafuta yote nikaanza upya: chini kabisa mistatili miwili iliyotiwa weusi, kwa ajili ya yale magoti aliyoyalegeza, kisha kiduara kulia na kiduara kushoto. Kipimo cha muziki kilichofuata, tena viduara viwili. Na tena. Mwalimu alipoipata akaniambia kiduara kimoja kila upande kingetosha, chashika mpaka ije alama nyingine. Nilijua. Lakini Bibi hakusimama mara moja, alikuwa akisimama muda wote ule, na niliogopa mtu akisoma juu ya karatasi awe ameshasahau. Aliniangalia, akanikata maksi mbili, akaiweka ile karatasi ukutani.

Wiki ile nilirudia kile kiti cha mwanamke anayengoja. Sikulia. Sikufanya kitu, nililegeza magoti tu chini ya kanzu. Mwalimu hakusema neno, akamwita anayefuata. Sijui ni vizuri au vibaya, nami sikumuuliza.

Baba bado auliza nitaajiriwa wapi. Nimemwambia mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na shule zitataka walimu waliosomea ngoma na maigizo. Akasema "mmh". Kwake hiyo ni hotuba.

Karatasi nilimwonyesha Bibi, nakala niliyoitoa kwa simu. Alivaa miwani, akaishika juu chini, nikamgeuzia. Nikamwonyesha: hapa ni miguu yako, hapa viganja, yaanzia chini. Akaipandisha kwa kidole, kiduara kwa kiduara, mpaka juu kabisa. Akaniuliza, "Na shingo? Pale nilipoikaza kabla ya kuigeuza, mbona hujaandika?"

Sikuwa nimeiona. Jumamosi ijayo amekubali kusimama tena, kwa sharti nimnunulie halua ya Mji wa Kale, ile ya dukani karibu na msikiti, si nyingine.

Ukipata nafasi mpigie, mwambie akuimbie zile za vijembe. Mimi anikataza, ati sina kifua. Na ukija mwezi wa nane niletee pedi za magoti zile za wachezaji wa voliboli, jozi moja. Hapa nimezikuta ghali na ni za watoto.

Wako,
Rehema