Uteule wa Mungu usitumike kuwatisha wafiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Hapa Dodoma siku hizi habari ya uteule imeshika kasi kweli kweli, panda daladala ya Nkuhungu au kaa kijiweni jioni utawakuta vijana wanabishana kwamba Mungu alishapanga toka zamani nani ataokoka na nani hataokoka, sasa kuna haja gani ya kuomba, na klipu za wahubiri zinarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp usiku na mchana. Kubishana sio kosa. Kinachoniuma ni kwamba hili fundisho linafika kwa watu nusu, wanapewa habari ya kuchaguliwa, ile ya kufanywa watoto inaachwa njiani.

Niuandike mstari wenyewe maana wengi wanautaja bila kuufungua, Waefeso 1:5: "Kwa kuwa alitangulia kutuchagua, ili tufanywe wanawe kwa njia ya Yesu Kristo, sawasawa na uradhi wa mapenzi yake." Kuchaguliwa hapo ndo mwanzo tu, safari inaishia nyumbani kwa Baba, na Warumi 8 inaongeza kwamba ukishakuwa mtoto basi ni mrithi, tena unarithi pamoja na Kristo. Hakuna mahali kwenye hiyo mistari Paulo anawapa watu wa Efeso orodha ya waliokataliwa wakawapimie majirani zao.

Na wale wasomaji wa kwanza walijua anaongelea nini. Kwenye dola ya Rumi kuasili mtu, yaani kumchukua asiye damu yako awe mwanao, lilikuwa jambo zito la kisheria, na mara nyingi aliyeasiliwa alikuwa mtu mzima kabisa, anatoka kwenye mamlaka ya baba yake wa kwanza anaingia ukoo mpya, anapata jina na urithi. Kaisari Augusto yule tunayemsoma Luka 2 aliasiliwa na Julius Caesar kwa wosia, halafu yeye mwenyewe akamwasili Tiberio mwaka wa 4 baada ya Kristo na ndiye aliyemrithi kiti. Sasa fikiria mtumwa amekaa nyuma huko kwenye kanisa la nyumbani mjini Rumi, anasikia ile barua ya Paulo kwa Warumi inasomwa, sura hiyo hiyo ya 8, kwamba hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu bali mlipokea roho ya kufanywa wana, yaani huyu ambaye hata jina la ukoo hana anaambiwa amwite Mungu Aba, Baba!

Niseme nilichokiona kwa macho yangu. Ulitokea msiba kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, kijana wa bodaboda alikufa kwa ajali, na kanisani alikuwa ameacha kwenda kitambo. Mhubiri akasimama mbele ya jeneza akasema kama huyu hakuandikwa toka mwanzo hata maombi yenu hayamsaidii kitu, akaendelea na wimbo. Baada ya maziko nilimkuta mama mzazi kwenye mkeka, ameshika ncha ya kanga anaikunja anaifungua anaikunja tena, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo Mungu alimuumba mwanangu akiwa ameshamkataa?" Nikamwambia mama, hiyo orodha yule mhubiri hajawahi kuiona, wala mimi sijaiona, ila Mungu tunayemjua ni yule ambaye 1 Timotheo 2:4 inasema anataka watu wote waokolewe. Hakunijibu. Nilikaa naye mpaka giza likaingia.

Watu wanadhani ukikubali uteule lazima uongee kama yule mhubiri. Hapana jamani. Mi nauamini uteule kabisa, naamini Mungu alinitaka kabla sijamtaka. Augustino askofu wa Hippo, huku huku Afrika, upande wa kaskazini, alibishana sana karne ya 5 na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa uwezo wake mwenyewe, na wafuasi wake, akitetea kwamba wokovu ni neema toka mwanzo mpaka mwisho, mtu asije akajisifu. Calvin, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, ndo anatajwa kuliko wote, na ajabu ni kwamba kwenye toleo la mwisho la Institutio, kitabu chake kikuu cha mafundisho, la mwaka 1559, kuna sura ndefu ya maombi na inayofuata pale pale ndo ya uteule, kwa hiyo anayesema nimeshachaguliwa niombe ya nini asimsingizie Calvin. Alisema pia anayetaka kujua kama amechaguliwa amtazame Kristo, asichungulie siri za Mungu. Wapo waliopinga fundisho lake la uteule, mwanateolojia Mholanzi Arminio na baadaye John Wesley mwanzilishi wa Wamethodisti, na Wakatoliki wanasisitiza kwamba mpango wa Mungu unabeba ndani yake jibu huru la mwanadamu, huo mjadala ni wa karne nyingi na barua moja haiwezi kuumaliza.

Sisi Waanglikana, na mkoa huu tuko wengi tangu wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, wafike Mpwapwa mwaka 1876, tuna zile Ibara 39 za mwaka 1571, yaani maelezo ya imani ya Kanisa la Uingereza. Ya 17 inasema uteule ni faraja tamu isiyosemeka kwa wamchao Mungu, halafu inaonya kwamba mtu asiye na Roho wa Kristo akiwekewa hiyo hukumu mbele ya macho muda wote anasukumwa kwenye kukata tamaa au kwenye maisha machafu. Watu walishaliona hili zamani hizo. Na Paulo mwenyewe anapoingia kwenye habari ngumu ya Esau na Yakobo, Warumi 9, anaanza kwa kusema ana "huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma" moyoni kwa ajili ya ndugu zake, na sura ya 10 anawaombea waokolewe. Hakusimama juu ya jeneza la mtu akatoa hukumu.

Kuna na lingine linalotokana na hii nusu iliyoachwa, ile ya kufanywa watoto. Namjua binti alichukuliwa akiwa mdogo sana na mtu na mkewe wa Hombolo ambao hawakujaliwa mtoto, akakulia pale, akipogoa zabibu na baba yake kila msimu, anamwita baba na yeye anaitika. Baba alipofariki wakaja ndugu, waumini wazuri tu, kikao cha ukoo kikasema huyu sio damu yetu, ashukuru kasomeshwa. Shamba likagawanywa. Sasa kama damu ndo kigezo, sisi watu wa mataifa, tusio Wayahudi, tunarithi nini kwa Mungu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto aliyeasiliwa na mahakama kama amezaliwa na waliomwasili, lakini wazazi wengi wa vijijini wanalea tu bila kufika mahakamani, mtoto anabaki hana karatasi. Wachungaji wanaohubiri uteule Jumapili wawasindikize hawa wazazi kwa afisa ustawi wa jamii wakiwa bado hai, na wakiitwa kwenye kikao cha ukoo waende na Waefeso 1 yao wakaisome kabla shamba halijapimwa.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa kipaimara, Dodoma