Msimpige mbwa mchanga kwa sababu ya kunguruma

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenzangu wanaofuga mbwa hapa Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku, nyumba zenye uzio na geti zimeongezeka Ipagala, Nzuguni, Kisasa hadi Ihumwa, na nyuma ya mageti mengi kuna mtoto wa mbwa anayelelewa awe mlinzi. Wengi tunawaharibu wenyewe kabla hawajatimiza mwaka, kwa makosa mawili yanayokwenda pamoja: tunawasemesha kwa maneno yanayowachanganya, kisha wakinguruma tunawapiga.

Nianze na maneno, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake kwa mbwa. Mtu anaita "njoo", baadaye anasema "ngoja". Mbwa akiwa mita 15 mbali na upepo wetu unavuma, maneno hayo yanakaribia kuwa moja, na maana zake zinapingana. "Ngoja" tuiache kabisa; la kumtaka abaki alipo liwe "tulia". "Kaa" nalo lina shida zaidi, maana mbwa analisikia kutwa nzima: kaa hapo, anakaa Area C, leta makaa. Tena mmoja akisema "kaa" anataka mbwa aketi, mwingine anataka abaki palepale asimfuate. Neno linalotumika kwa kila jambo mbwa hulipuuza. Mimi napendekeza "keti". Nyumbani halisemwi mara kwa mara, lina k na t zinazokata, wala halifanani na "lala".

Kwa mbwa wa miezi 3 yanatosha matano: keti, lala, njoo, tulia na toa. Liongezwe la sifa, kwa mfano "safi". Neno likishachaguliwa lisemwe na kila mtu vilevile, bila kunyambuliwa. Sisi tunajua kwamba toa, itoe, nitolee na usitoe ni ndugu, mbwa hajui. Bibi akitaka kusema naye kwa Kigogo hakuna ubaya, mradi nyumba nzima ifuate neno hilohilo kwa tendo hilohilo. Andikeni maneno hayo kwenye karatasi, ibandikwe mlango wa jikoni, na mlinzi wa usiku aonyeshwe.

Jina nalo liangaliwe. Mbwa anayeitwa Simba hawezi kufundishwa "simama" kwa urahisi, kwa kuwa mwanzo wa neno unafanana na mwanzo wa jina lake.

Kufundisha kwenyewe kufanyike asubuhi kabla jua halijachoma ardhi, na tena jioni, dakika 3 hadi 5 tu kila mara. Chemsha pafu bila chumvi wala kitunguu, ukatekate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Sema "keti" mara moja. Nyamaza kidogo, ndipo upitishe kipande juu ya pua yake kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikipanda, matako yanashuka. Yanapogusa chini, papo hapo sema "safi" na umpe. Wengi hukosea hapa kwa kusema neno na kupeleka mkono kwa wakati mmoja. Mbwa hutazama mkono, neno halimwingii, na baada ya mwezi utasikia eti mbwa huyu ni mjinga. Kurudia "keti, keti, keti" kunamfunza kwamba la kwanza na la pili si ya kutii. Na "njoo" isitumike kamwe kumwita ili apigwe, aoshwe dawa ya kupe au afungwe mnyororo. Kwa mambo hayo mfuate mwenyewe.

Sasa kunguruma. Hili ndilo linalonisukuma kuandika.

Kunguruma ni onyo, na mara nyingi si onyo la kwanza. Mbwa ameshasema kwa mwili: ameganda juu ya bakuli, anakula harakaharaka, amegeuza uso, amelamba pua, weupe wa jicho umeonekana. Asipoeleweka, ndipo sauti inatoka kifuani. Ukimchapa, sauti inakoma lakini hofu inabaki, tena inazidi, kwa kuwa sasa mkono wako ukikaribia unaleta maumivu kweli. Siku nyingine anaruka hatua ya kunguruma na kuuma moja kwa moja. Huyo ndiye watu wanayemsema "kauma ghafla".

Akinguruma, simama ulipo. Usimkodolee macho wala usimwinamie. Geuza bega, rudi hatua 1 au 2 taratibu mpaka mwili wake ulegee. Hujashindwa na mbwa, umezuia jeraha. Kisha kumbuka alikuwa na nini, wapi, na nani alikuwa karibu, maana hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Ikiwa ni chakula, mpe dona lake na dagaa kwenye kona tulivu, mbali na watoto na kuku. Anapokula, pita kwa umbali usiomsumbua, tuseme hatua 4, mrushie kipande cha pafu karibu na bakuli, uende zako. Fanya hivyo mara 5 katika mlo mmoja. Siku atakapoanza kuinua kichwa kwa furaha kila ukitokea, sogea nusu hatua. Akikaza shingo umekwenda haraka. Rudi umbali wa jana. Kazi hii ni ya wiki kadhaa na haifanywi na mtoto. Ule mtindo wa kutia mkono kwenye bakuli "ili azoee" humthibitishia kwamba ukija unakuja kumnyang'anya. Kwa kitu kilichomo mdomoni, sema "toa", ndipo umwonyeshe kipande kitamu zaidi. Akiachia mpe, na kama ni kitu salama mrudishie.

Si kila mngurumo ni hasira. Akivutana kamba nawe, kifua chini na matako juu, mwili umelegea, anacheza. Lakini aliyekuwa mpole akianza kunguruma akiguswa mahali pamoja, tafuta maumivu: kupe ndani ya masikio, mwiba wa mgunga kati ya vidole, ufizi unaobadilisha meno kati ya miezi 4 na 6. Usipoona kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na anayeshinda kwenye mnyororo ananguruma zaidi kwa sababu hana pa kukimbilia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi 3, irudiwe kila mwaka. Akimng'ata mtu, hata mchubuko mdogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo akaanze sindano. Sabuni ya kipande ya kufulia inafaa. Pilipili, majivu na mafuta visiwekwe.

Mfundishaji wa mbwa,
Nkuhungu, Dodoma