Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotoka Uwanjani Kabla ya Filimbi

Wanangu mnaosoma hapa Birmingham, Alabama, salaam.

Jumamosi iliyopita niliketi nyuma yenu. Robo ya tatu haijaisha, UAB, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chenu, Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, ikiwa nyuma kwa pointi, mkainuka na kufunga skafu zenu za kijani viunoni, na mmoja wenu akasema kwa Kiswahili fasaha, "Bora waifute tu hii timu." Neno hilo limeninyima usingizi, kwa sababu liliwahi kutamkwa na wenye mamlaka, na likatekelezwa.

Chuo hiki kilianza kujitegemea mwaka 1969. Mpira wa Kimarekani ulianza kama klabu tu, ukawa timu rasmi ya chuo mwaka 1991 katika daraja la tatu, na kufikia 1996 timu ilikuwa imeshapanda hadi daraja la juu kabisa. Kwa maoni yangu ilipanda upesi kuliko mashabiki wake, maana ilichezea Legion Field, uwanja mkuukuu uliofunguliwa mwaka 1927, ambao siku nyingi ulikuwa na safu nzima za viti visivyo na mtu.

Tarehe 2 Desemba 2014, rais wa chuo, Ray Watts, alitangaza kwamba timu inafutwa kwa sababu ya gharama, ingawa ilikuwa imetoka kushinda mechi sita na kupoteza sita chini ya kocha mpya, Bill Clark. Wanaume wenye miili kama milango walilia hadharani. Hapo ndipo mji ulipozinduka: wahitimu, wafanyabiashara na wanafunzi wakachanga, na tarehe 1 Juni 2015 uamuzi ukabatilishwa. Nawashukuru, lakini nauliza walikuwa wapi viti vilipokuwa vitupu. Nasi tuna ugonjwa huohuo, wanangu: kamati ya mazishi hujaza daftari la michango kwa usiku mmoja, ilhali marehemu aliomba nauli ya hospitali miezi mitatu akakosa.

Clark hakuondoka. Misimu ya 2015 na 2016 aliwanoa vijana wasio na mechi hata moja ya kucheza, wakifanya mazoezi wao kwa wao. Waliporejea mwaka 2017 walishinda nane na kupoteza tano, mwaka 2018 wakatwaa ubingwa wa Conference USA, ligi ya vyuo waliyochezea wakati huo, wakautwaa tena 2020, na mwaka uliofuata wakahamia uwanja mpya mnaoukimbia ninyi.

Msimtukane mtandaoni kijana wa miaka kumi na tisa aliyedondosha mpira. Msiache masomo kwa ajili ya mchezo. Msivae rangi za timu siku za ushindi pekee.

Jumamosi ijayo nitaketi palepale. Nimewanunulia tiketi nne, nami nitawasubiri langoni saa moja kabla ya mchezo kuanza, ila tutatoka pamoja baada ya filimbi ya mwisho.

Mimi mzee wenu,
Birmingham